Gredi ya Sita katika Muhula wa Tatu Garissa

Muhula wa tatu ndio mfupi kuliko yote katika kalenda ya shule za Kenya. Huanza mwishoni mwa Agosti, na Oktoba ikikaribia kwisha wanafunzi wa gredi ya sita hufanya KPSEA, tathmini ya kitaifa ya kumaliza shule ya msingi inayoandaliwa na Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC). Tathmini hiyo ilianza mwaka 2022. KCPE, mtihani wa awali wa kumaliza shule ya msingi uliokuwapo tangu 1985, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, wiki hizo chache hukutana na mwanzo wa mvua za vuli, ambazo Wasomali huziita deyr.

KPSEA ina karatasi tano: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi iliyounganishwa, na karatasi moja inayojumuisha Sanaa Bunifu, Masomo ya Jamii na elimu ya dini. Maswali ni ya kuchagua jibu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya muhula hutumika kudurusu, huku mada za mwisho za mtaala wa umilisi zikimaliziwa.

Katika Hisabati, mada hizo ni pamoja na jometri na takwimu. Darasa hukusanya data, huipanga katika jedwali, kisha huichora kama grafu ya nguzo. Idadi ya mitungi ya maji inayotumika nyumbani kila siku kwa wiki moja yatosha kwa zoezi hilo. Hesabu za faida na hasara hudurusiwa kwa mifano ya soko la mifugo. Mbuzi akinunuliwa kwa shilingi 6,000, akasafirishwa kwa shilingi 300 na kuuzwa kwa shilingi 7,200, faida ni shilingi 900. Kosa la kawaida ni kusahau nauli na kuandika 1,200.

Kiswahili kina ugumu wake. Wanafunzi wengi huzungumza Kisomali nyumbani, na kuanzia gredi ya nne masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Kiswahili basi huwa lugha ya tatu, mbali na Kiarabu cha duksi, yaani chuo cha Kurani. Nomino za Kisomali zina jinsia ya kiume na ya kike, wala hazina ngeli kama za Kiswahili, hivyo upatanisho wa sarufi huhitaji mazoezi mengi: kisima kimekauka, visima vimekauka, mto umefurika, mito imefurika, ngamia amekunywa, ngamia wamekunywa. Mfano wa mwisho ndio unaotatiza, kwa kuwa nomino haibadiliki katika wingi na kitenzi peke yake ndicho kinachoonyesha idadi.

Masomo ya Jamii hugusia jamii za Afrika Mashariki kwa makundi ya lugha. Garissa yenyewe ina mifano: Wasomali ni Wakushi, sawa na Wamunyoyaya wa kandokando ya mto Tana, ilhali majirani zao Wamalakote huzungumza lugha ya Kibantu. Katika sayansi, mashine sahili huelezwa kwa ubao ulioegemezwa kwenye mkokoteni wa punda: pipa la maji likibiringishwa juu ya ubao huhitaji nguvu ndogo kuliko likiinuliwa wima, ingawa husafiri umbali mrefu zaidi.

Mambo mawili hutatiza ratiba. La kwanza ni uhaba wa walimu. Kwa sababu ya mashambulizi ya al-Shabaab, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji mwaka 2018, na tena mwaka 2020 baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa. Shule nyingine hulazimika kuunganisha madarasa. La pili ni mvua. Malisho yakichipua, familia za wafugaji huhama, na mtoto asiye na bweni wala jamaa mjini huenda akahama nazo. Mafuriko nayo hukata barabara, kama ilivyokuwa kati ya Garissa na Madogo mwaka 2023.

KPSEA haina kufaulu wala kufeli. Matokeo huonyesha kama mwanafunzi amezidisha matarajio, ameyafikia, anayakaribia au yuko chini yake, na huchangia asilimia 20 ya alama zitakazompangia shule ya sekondari ya juu baada ya gredi ya tisa. Wote huendelea na gredi ya saba, ambayo tangu 2023 aghalabu husomwa katika ua uleule wa shule ya msingi.