KUCHAGUA MOTA, KIDHIBITI CHA MWENDO NA VISU KWA RUTA YA KUJITENGENEZEA



Katika karakana nyingi siku hizi wako mafundi wanaochanga akiba zao na kujitengenezea ruta ya CNC, yaani mashine ya kuchonga mbao ambayo kisu chake huongozwa na kompyuta kwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Kuchomelea fremu ya chuma, kufunga reli na skrubu, na kuunganisha mota ndogo za kusogeza ni kazi ambazo fundi wa kiwandani, au fundi wa karakana ya shamba la miwa au chai, anaziweza. Lakini fedha nyingi hupotea mahali pengine, na ni hapo hapo watu huumia: kwenye mota inayozungusha kisu, kwenye chombo kinachoipa mota hiyo mwendo, na kwenye kisu chenyewe.

Mashine za namna hii si uchawi. Ya kwanza ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT nchini Marekani, kutokana na kazi iliyoanzwa na John T. Parsons, wa kiwanda cha mabawa ya helikopta katika jimbo la Michigan. Jeshi la anga la Marekani ndilo lililolipa gharama. Tangu hapo wafanyakazi wa vyuma waliuliza swali moja: ujuzi wa fundi ukihamishiwa kwenye maagizo ya mashine, nani atakuwa na mashine mkononi, fundi au ofisi? Swali hilo lina jibu zuri zaidi pale fundi anapoijua mashine kuanzia kisu hadi waya. Kwa sababu hiyo makala hii imeandikwa.

ANZA NA KAZI, USIANZE NA MOTA

Wengi huanza kwa kununua mota kubwa kadiri fedha zinavyoruhusu, kisha hutafuta kisu cha kuifaa. Hiyo ni njia ya kinyume. Fuata mpango huu: kwanza jua kazi, kazi itakuonyesha kisu, kisu na nguvu ya fremu vitakuonyesha mizunguko, na mizunguko itakuonyesha mota. Mwisho angalia kama umeme ulio nao unaiweza mota hiyo.

KISU

Visu vya ruta ni vya aina mbili kwa madini yake. Visu vya chuma cha kawaida cha kukatia ni rahisi kununua na hunolewa upesi, lakini huisha makali haraka kwenye mbao ngumu na kwenye mbao za gundi. Visu vya kabaidi hudumu muda mrefu zaidi, lakini ni kama kioo: ukikiangusha sakafuni au kikitikisika ndani ya mbao, huvunjika. Kwa mashine ya CNC nunua kabaidi. Wanaochonga mvule wakumbuke kwamba mti huo mara nyingine huwa na mawe ya chokaa ndani yake. Jiwe moja linaweza kumega makali ya kisu.

Kisha angalia mjizungusho wa makali:

Kwanza, kisu kinachovuta juu hutoa maranda nje ya mfereji, na hakipati joto sana. Ubaya wake ni kwamba huchana uso wa juu wa mbao na huvuta ubao kutoka mezani. Funga ubao barabara.

Pili, kisu kinachosukuma chini huacha uso wa juu safi. Ubaya wake ni kwamba maranda hubaki mferejini, yakashindiliwa na kuungua. Kata kidogo kidogo.

Tatu, kisu cha mchanganyiko huvuta juu kwenye ncha na kusukuma chini kwenye sehemu ya juu. Hiki ni kizuri kwa plaiwudi, kwani pande zote mbili hutoka safi. Lakini mkato wa kwanza lazima uingie chini kupita sehemu ile ya kuvuta juu, la sivyo hakina tofauti na kisu cha kwanza.

Nne, kisu chenye ncha ya pembe ni cha kuandikia majina na vibao, na kisu chenye ncha ya duara ni cha kuchonga sura na mapambo.

Kuhusu unene: tumia kisu kinene na kifupi kadiri kazi inavyokubali. Kisu cha milimita 6 hukataa kupinda mara 16 zaidi ya kisu cha milimita 3, urefu ukiwa sawa. Ukikiachia kisu kitokeze mara mbili ya urefu wake, kitapinda mara 8 kwa nguvu ile ile. Visu vingi huvunjika kwa sababu hiyo tu.

HESABU YA MARANDA

Kila seremala anajua kwamba randa kali hutoa maranda, na randa butu hutoa unga. Ruta nayo ni hivyo hivyo. Kisu kinachotoa unga kinasugua badala ya kukata. Kinapata moto, mbao inakuwa nyeusi, na makali yanakwisha. Wengi wakiona mbao inaungua hupunguza mwendo wa kusogeza kisu. Kwa kufanya hivyo wanazidisha kuungua, maana kila jino linapata mbao kidogo zaidi.

Hesabu ni hii: mwendo wa kusogea kwa dakika ni sawa na mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno ya kisu, mara unene wa randa ambalo kila jino linakata. Kwa kisu cha milimita 6 kwenye mbao, katika mashine ya kujitengenezea, anza na unene wa milimita 0.1. Kwa kisu cha milimita 3 anza na nusu ya hapo.

Tuchukue mfano. Una kisu cha milimita 6 chenye meno mawili, na mota inazunguka mara 18,000 kwa dakika. 18,000 mara 2 mara 0.1 ni milimita 3,600, yaani mita 3 na sentimita 60 kwa dakika. Je, fremu yako inaweza kwenda hivyo ndani ya mbao bila kutikisika? Nyingi za kujitengenezea haziwezi. Tuseme yako inaishia milimita 1,500. Ukiacha mota kwenye 18,000, kila jino litapata milimita 0.04 tu. Hapo kisu kinasugua.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza mizunguko hadi 7,500, lakini mota nyingi ndogo hazina nguvu kwa mwendo huo. Ya pili ni kutumia kisu chenye jino moja: 1,500 ukigawa kwa 0.1 unapata 15,000, mwendo ambao mota inaupenda. Kwa hiyo mwenye fremu nyepesi anunue visu vya jino moja au mawili, wala asidanganywe na visu vya meno manne.

Kina cha kila mkato kiwe nusu ya unene wa kisu kwenye mbao ngumu. Fremu ikiwa imara, ongeza polepole hadi unene mzima wa kisu.

MOTA

Mota ni za aina tatu.

Ya kwanza ni ruta ndogo ya mkono, ile ya wati 700 hivi, iliyofungwa kwenye mashine. Ni ya bei nafuu, hupatikana mjini, na ikifa hununuliwa nyingine siku hiyo hiyo. Nyingi huzunguka kuanzia 10,000 hadi 30,000. Ubaya wake ni kelele kali, na brashi za kaboni ambazo huisha na lazima zibadilishwe. Haikuundwa kufanya kazi kutwa nzima. Kwa kikundi kinachoanza inatosha.

Ya pili ni mota ndogo ya umeme wa moja kwa moja, ya wati 300 hadi 500, ambayo kwa kawaida huishia mizunguko 12,000. Inafaa kwa kuandika vibao na kuchonga vitu vidogo. Usiitumie kupasua mninga.

Ya tatu ni spindeli yenyewe, yaani mota ya fezi tatu iliyoundwa kwa kazi hii, isiyo na brashi. Zile zinazotumika sana ni za wati 800, 1,500 na 2,200, na mwendo wake wa juu ni 24,000. Ya 2,200 ina uzito wa karibu kilo 5, kwa hiyo angalia kama fremu yako itaibeba bila kulegea. Kwa kisu cha milimita 6 katika fremu ya kawaida, wati 800 zinatosha. Kumbuka pia kwamba nguvu ya spindeli hushuka pamoja na mwendo: ya wati 2,200 ikizunguka 12,000 hutoa kama wati 1,100 tu.

Spindeli hupozwa kwa maji au kwa hewa. Ya maji ni kimya na hupoa vizuri hata kwa mwendo mdogo, lakini pampu ikisimama bila mtu kujua, mota inaungua. Ya hewa haina mipira wala pampu, lakini feni yake imefungwa kwenye mhimili wa mota. Ukiizungusha polepole, feni nayo inakwenda polepole, na joto linabaki ndani.

Kisu hushikwa na koleti. Koleti ya ER11 hushika mpaka milimita 7, na ya ER20 mpaka milimita 13. Ingiza koleti ndani ya nati yake kwanza mpaka ilie, ndipo uifunge kwenye mota. Shika kisu kwenye shina lake, kamwe usishike kwenye meno. Na usitie kisu cha milimita 6 katika koleti ya ruta ya mkono iliyo ya robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Kitachomoka kikiwa katika mwendo.

KIDHIBITI CHA MWENDO

Ruta ya mkono mara nyingi ina kirungu chake cha mwendo ndani. Kitumie hicho. Usiongeze kidhibiti cha nje kama kile cha kupunguzia mwanga wa taa, kwani viwili hivyo hupigana na kimoja huungua.

Spindeli ya fezi tatu haiwezi kuunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Inahitaji inveta ya mota, ambayo si ile ya betri na sola. Chombo hiki hupokea umeme wa fezi moja, hutoa fezi tatu, na hubadilisha idadi ya hezi ili kubadilisha mwendo. Kwa spindeli ya kawaida ya ncha mbili za sumaku, zidisha hezi kwa 60: hezi 400 ni mizunguko 24,000, hezi 300 ni 18,000, hezi 200 ni 12,000.

Hapa ndipo spindeli mpya nyingi hufa siku ya kwanza. Inveta nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mota za kawaida za hezi 50, yaani hutoa volti zote 220 kwenye hezi 50. Spindeli inataka volti 220 kwenye hezi 400. Kwenye hezi 50 haihitaji hata volti 30. Ikipewa volti 220 pale, inapata mara 8 ya inachostahili, na koili zinaungua. Kabla ya kuwasha, soma kibandiko cha spindeli, kisha weka katika inveta mambo haya: hezi za msingi 400, hezi za juu 400, volti na ampea kama kibandiko kinavyosema, na hezi za chini zisipungue 100.

Inveta ya wati 2,200 ikivuta umeme wa fezi moja kwa mzigo kamili hupita ampea 13, ambazo ni kikomo cha plagi ya pini tatu za mraba. Ipewe waya wake mnene na swichi yake toka kwenye boksi kuu. Waya toka inveta hadi spindeli uwe na kifuniko cha wavu, na wavu huo uunganishwe na ardhi, kama vile mwili wa spindeli na fremu. Usiweke swichi ya kukata kati ya inveta na mota.

USALAMA

Ukizima inveta, umeme hubaki ndani yake. Ngoja dakika 10 kabla ya kufungua kifuniko, na upime kwanza.

Kitufe chekundu cha dharura kisimamishe kisu na mwendo wa mashine kwa pamoja. Umeme ukikatika na kurudi, mashine isijiwashe yenyewe.

Kisu kipana kisizungushwe kama kisu chembamba. Kisu cha milimita 50 kikizunguka 24,000, makali yake hukimbia zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Soma kikomo kilichopigwa chapa kwenye shina, na kama hakipo, usikinunue.

Vumbi la mbao si uchafu tu. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi hilo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Weka mfyonzaji wa vumbi karibu na kisu, vaa kinga ya pua, macho na masikio. Glavu usivae: kisu hukamata kitambaa na kuvuta mkono.

Haya yote ni haki yako pia pale mashine inapokuwa ya mwajiri. Akileta ruta ya CNC kiwandani, kamati ya wafanyakazi iulize: mfyonzaji wa vumbi uko wapi, kitufe cha dharura kimejaribiwa lini, na nani kati ya mafundi waliopo atafundishwa kuandika maagizo ya kompyuta? Mfanyakazi anayejua kwa nini kisu kinaungua hawezi kufanywa mbeba mbao wa mashine. Basi someni makala hii pamoja, pigeni hesabu ya fremu yenu kabla ya kwenda dukani, na fedha ya kikundi itoke mara moja tu.