Nani Aguse Ufizi wa Mtoto

Upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, ambako barabara itokayo Morogoro, ikisha kupita Kiroka na Mkuyuni, hupanda baina ya migomba, minanasi na mikarafuu hata ikafika Kinole, makao ya kale ya machifu wa jina la Kingalu walioheshimiwa kwa maombi ya mvua, mzazi atakaye kumchagulia mwanawe tabibu wa meno hana mbele yake orodha ya mabingwa kama aliyo nayo mzazi wa Dar es Salaam. Bingwa wa meno ya watoto ni adimu hata mijini, sembuse mlimani. Lakini ni dhana mbaya kufikiri kuwa kwa sababu hiyo mzazi huyu hana la kuchagua. Uchaguzi anao, tena humfikia mapema kuliko anavyotazamia: humfikia mtoto angali hana hata jino moja kinywani, usiku homa imepanda na tumbo linaendesha, na jirani mwenye nia njema anashauri aitwe mtu wa kuutazama ufizi. Uchaguzi huo wa kwanza naona ni mzito kuliko yote yafuatayo, na hauwezi kufanywa kwa akili iliyotulia ila na mtu ajuaye jinsi jino linavyoota.

Jino halianzi siku lionekanapo. Mimba ikiwa katika mwezi wake wa nne, vichipukizi vya meno ya utotoni vilivyomo ndani ya mataya huanza kupokea madini na kuwa vigumu kidogo kidogo, na kazi hiyo huendelea baada ya kuzaliwa. Mtoto afikapo miezi sita hivi, meno mawili ya mbele ya chini huchomoza, na mengine hufuatana hata yatimie 20 katika umri wa miaka miwili na nusu au karibu na hapo. Meno ya chonge hayana haraka: aghalabu huonekana baina ya mwezi wa 16 na wa 20. Kabla ya wakati huo hukaa ndani ya ufizi yakiuinua kwa nje, na kwa kuwa madini yake hayajakamilika, huwa meupe na laini. Na karibu nayo sana, ndani zaidi ya taya, kimelala kichipukizi cha chonge la ukubwani, litakaloshika mahali hapo mtoto akiwa na miaka kumi au kumi na mmoja.

Uvimbe huo, ambao kila mtoto mzima wa afya anao, ndio uliopewa jina la meno ya nailoni, au meno ya plastiki, ukabebeshwa lawama ya homa, kuhara na kutapika. Desturi ya kuung'oa si ya mlima mmoja wala kabila moja. Nchini Uganda huitwa ebino, na Jens Jørgen Pindborg, mwanazuoni wa Denmark, aliiandika katika maandiko ya utabibu mwaka 1969. Nchini Tanzania madaktari wa meno walianza kuiandikia habari zake katika miaka ya 1980, na mpaka leo huonekana watoto waliopita mikononi mwa mafundi wa kazi hiyo. Chombo huwa kisu, wembe, msumari au spoki ya baiskeli iliyonolewa, na ufizi hupasuliwa pasipo ganzi, kisha kichipukizi hutolewa na kuonyeshwa kwa mama: kitu cheupe, laini, kisichofanana na jino alijualo. Mama huyu ameona kwa macho yake. Nani atamlaumu kwa kuamini?

Wala si haki kumwita mjinga. Umri ambao chonge huinua ufizi ndio umri ambao kinga aliyotoka nayo mtoto kwa mamaye inapungua, uji na maji ya kunywa vinaanza kuingia tumboni mwake, na kila kilichoanguka chini anakiokota na kukitia mdomoni. Magonjwa ya kuhara yana njia nyingi kinywani humo, na malaria nayo haikosekani. Basi homa na uvimbe huja katika majira mamoja, mmoja ukiwa ugonjwa na mwingine maumbile, na macho huviunganisha. Fauka ya hayo, kuhara kwingi kwa watoto huisha kwenyewe baada ya siku chache, kwa hiyo mtoto aliyepasuliwa leo akapona keshokutwa huwa shahidi wa fundi, na aliyekufa husemwa kuwa alicheleweshwa. Dawa ambayo haiwezi kushindwa machoni pa watu ni vigumu sana kuipinga kwa maneno.

Madhara yake, hata hivyo, ni dhahiri. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji mwilini hupoteza damu. Kidonda kisichofungwa hukaribisha usaha na pepopunda. Chombo kilichotoka katika kinywa cha mwingine huweza kuchukua virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Na ajapookoka na hayo yote, ncha ya spoki iliyopenya zaidi kidogo huharibu kichipukizi cha jino la ukubwani, ambalo miaka kumi baadaye huota likiwa na mabaka, au limepinda, au halioti kabisa. Na saa zilizopotea zilikuwa na dawa yake: maji ya ORS, kunyonyesha kusikokatizwa, vidonge vya zinki ambavyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliviagiza mwaka 2004 vitolewe kwa siku 10 hadi 14, na kipimo cha malaria katika zahanati. Kwa kuwa Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la bibi mzaa mama na la mjomba lina uzito mkubwa katika mashauri ya nyumba. Nami nadhani muuguzi wa kliniki atakayewaita wazee hao wawili na kuwaeleza haya kwa adabu, mtoto akiwa bado mzima, atafanya zaidi ya mabango yote ya ukutani.

Meno yakisha kuota, adui hubadilika. Vijidudu vilivyojishikiza juu ya jino hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha madini ya gamba la jino. Mate huirudisha hali ya kwanza baada ya nusu saa au zaidi, ikiwa yamepewa nafasi. Ndiyo sababu idadi ya mara sukari inapoingia kinywani ina madhara kuliko wingi wake kwa siku: mtoto aliye na peremende mfukoni tangu asubuhi hayapi mate yake nafasi. Chungwa au nanasi la Kinole lililoliwa zima wakati wa chakula halina lawama kubwa; lawama ni ya soda, biskuti, na chupa ya chai ya sukari anayolala nayo mtoto, kwani usingizini mate hupungua. Gamba la jino la utotoni ni jembamba, karibu nusu ya la ukubwani, na kwa hiyo tundu dogo hufika kwenye mshipa kwa upesi wa kustaajabisha.

Watu wa Arusha na Kilimanjaro, wenye maji yaliyopita katika miamba ya volkeno, hupata floridi, madini yanayolinda jino yakitumiwa kwa kadiri, kupita kiasi hata meno ya watoto wao yakawa na rangi ya kahawia. Uluguru si milima ya volkeno, nayo haimo katika ukanda ule. Huku ni vema dawa ya meno iwe na floridi, sehemu 1000 katika milioni au zaidi kama ilivyoandikwa kwenye kisanduku: kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na cha punje ya njegere kwa wa miaka mitatu hadi sita, akitema bila kusukutua kwa maji mengi. Mswaki wa mti, alioupenda Mtume na wazee wetu, husafisha vizuri ukitumiwa kwa bidii, lakini haubebi floridi ya kutosha. Hadhari moja tu: magadi ya kulainishia maharage na mboga, yatokayo katika maziwa ya chumvi, huweza kuwa na floridi nyingi, na yasizoeshwe katika chakula cha watoto wadogo.

Jino ambalo wazazi hulidhulumu kuliko yote ni gego la kwanza la ukubwani. Huota katika mwaka wa sita, nyuma ya magego ya utotoni, pasipo jino lolote kung'oka kulipisha, na kwa hiyo hudhaniwa ni la utotoni, likaachwa lioze kwa tumaini kuwa litabadilishwa. Halibadilishwi. Hilo ni la kudumu mpaka uzee. Na hata yale yatakayobadilishwa yana kazi: magego ya utotoni hulinda nafasi mpaka mwaka wa kumi au wa kumi na mbili, na yakiondolewa mapema, jirani zao husogea na kuziba njia ya wajao.

Hapa Wilaya ya Morogoro ina mahali pake katika tarikhi ya elimu hii. Watoto wa miaka 7 hadi 13 wa wilaya hiyo walikaguliwa vinywa mwaka 1984, tena 1986, tena 1988, na watafiti wa Tanzania na Uholanzi, mmoja wao Jo Frencken; na katika miaka hiyo hiyo Frencken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakitafuta namna ya kutibu mahali pasipo umeme, walianzisha njia ya kukwangua uozo kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine ya kuchimba na aghalabu bila sindano, kisha kuliziba tundu kwa saruji inayoshikana na jino. Saruji ya kioo itumikayo sasa, waliyoitangaza Waingereza Wilson na Kent mapema katika miaka ya 1970, hutoa pia floridi polepole. Njia hiyo ilitangazwa kwa ulimwengu na Shirika la Afya Duniani tarehe 7 Aprili 1994, na mwaka 2021 saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika hilo. Inafaa zaidi kwa tundu la upande mmoja wa jino kuliko kwa jino lililomomonyoka pande mbili. Nalitaja jambo hili kwa fahari, na pia kwa huzuni, maana hata leo wingi wa matundu ya watoto wetu hayazibwi kamwe. Hungojwa hata yaume, kisha jino hung'olewa.

Basi mzazi wa Kinole amtazame nani? Amtazame kwanza aliyeandikishwa: daktari au tabibu wa meno ana usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na kuuliza habari yake si utovu wa adabu. Atazame vyombo vinatoka wapi, kama vimetolewa katika mfuko uliofungwa baada ya kuchemshwa kwa mvuke, na kama glavu ni mpya. Atazame jinsi mtoto anavyopokewa. Mtoto wa mwaka mmoja hana haja ya kiti kikubwa. Mama na tabibu hukaa wakielekeana magoti kwa magoti, mtoto hulazwa akimtazama mamaye na kichwa chake kikiwa mapajani pa tabibu, na kwa dakika mbili kinywa chote huonekana. Mkubwa zaidi huelezwa, huonyeshwa chombo, ndipo kazi hufanywa, kwa mpango ule ule aliouandikia Addelston wa Marekani mwaka 1959. Tabibu anayeuliza chakula, usingizi na magonjwa ya nyuma, anayesema lini jino lizibwe na lini ling'olewe na kwa nini, huyo anastahili kurudiwa. Anayeshika koleo kabla ya kuuliza, mzazi aondoke na mwanawe. Ziara ya kwanza iwe kabla ya kutimiza mwaka, wakati hakuna maumivu ya kumtia mtoto hofu, na nyumbani sindano isifanywe kitisho cha kunyamazisha kilio.

Ikiwa mtoto alipasuliwa ufizi utotoni, tabibu aambiwe waziwazi, na mtoto akaguliwe tena akiwa na miaka tisa au kumi, kwani katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Morogoro, au kwa mabingwa wa Muhimbili, chonge lililoharibika huweza kutafutwa kwa picha kabla meno mengine hayajasogea. Mafuta ya karafuu, ambayo miti yake imejaa katika miteremko hii, yana eujenoli iliyo dawa ya ganzi katika ofisi za meno, lakini yasipakwe ufizi wa mtoto mchanga wala kuachwa karibu naye. Kijiko kimoja au viwili vya chai vilivyomezwa vimewahi kuzimisha watoto na kuharibu maini yao. Na mtoto ambaye shavu limevimba kuelekea jichoni au shingoni, ana homa, na hawezi kufumbua kinywa au kumeza, hana wakati wa karafuu wala wa miadi: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, ijapokuwa kwa pikipiki ya kukodi.