KUKIMBIA MBIO YA MUSAADA KISHA VAKANSI



Vakansi kubwa imekwisha, na tumerudi ku masomo wengine wetu tukiwa na mashavu ya kunona. Sasa tumesoma kwenye ubao wa matangazo ya kuwa kisha majuma matatu tutakimbia mbio ya musaada, na pesa zake zitanunua magodoro ya materenite. Wengi wanauliza: "Mutu aliyelala miezi miwili atakimbia namna gani?" Ninataka kujibu ulizo hilo, kwani mwaka uliopita nililijibu vibaya kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwanza, tufahamu mbio hii inatembea namna gani. Kila mwanafunzi anapeleka karatasi kwa ndugu na majirani. Yule anayekubali anaandika jina lake na pesa atakazotoa kwa kila muzunguko. Ukizunguka kiwanja cha mupira mara moja, umekimbia karibu meta 350. Mizunguko 20 ni kilometa 7. Basi hapa hawalipi yule anayetangulia, wanalipa mizunguko.

Mama yangu mudogo, anayeuza ndakala ku soko, aliandika franka 500 kwa kila muzunguko. Nikamwambia kwa majivuno: "Mama, utayarishe franka 10.000!" Lakini vakansi yote nilikuwa ninakula bugali na sombe na kulala kivulini. Filimbi ilipolia, nilitoka kama mbuzi aliyekata kamba. Mizunguko mitatu nilikuwa mbele ya wote. Kwa wa tano mbavu zikaniuma. Kwa wa tisa nikakaa chini kwenye majani, na hapo ndipo ilikwisha. Musichana mumoja wa kalasi ya tatu, ambaye nilimupita na kumucheka, alimaliza mizunguko 22 pole pole, bila kusimama.

Mama mudogo alilipa franka 4.500. Akasema: "Mutoto wangu, miye nilikuwa nimekwisha kuweka zote kando." Zile 5.500 zilirudi ku kapu ya ndakala. Haya ya kushindwa iliisha kwa siku mbili, lakini franka hizo zilinikaa ku roho.

Kwa nini ilikuwa vile? Mutu akiacha mazoezi, mwili hauchelewi kusahau. Kisha majuma mawili hivi, maji ya damu yanapunguka, na moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo. Basi unapaswa kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ile ile. Nyama za miguu nazo zinapunguza nguvu ya kutumia hewa, na zinachoka mbio. Hapana ugonjwa, mwili hauchungi kitu ambacho hakitumiwi. Lakini yule aliyelima shamba na kuchota maji mulimani wakati wa vakansi, huyu hakulala. Moyo hauulizi kama ni jembe ao mbio. Miguu yake tu ndiyo inapaswa kuzoea tena kupiga chini.

Wengine wananitajia Abebe Bikila wa Etiopia. Ndiyo, alishinda maratoni ya Roma katika mwaka 1960 bila viatu, kilometa 42 na meta 195. Akashinda tena Tokyo mwaka 1964, na majuma machache tu mbele yake waganga walikuwa wamemupasua tumbo. Lakini angalieni vizuri: mutu huyu alikuwa na miaka ya mazoezi nyuma yake. Alikuwa akitumia akiba. Siye tunaotoka vakansi tuko na akiba gani?

Majuma matatu hayatoshi kwa kufanya mukimbiaji mukubwa, lakini yanatosha kwa kumaliza muzuri. Fanyeni hivi:

Juma la kwanza: siku nne, dakika 20 kila siku. Kimbia dakika mbili, tembea dakika moja, kisha rudilia. Usione haya kutembea.

Juma la pili: siku nne tena, dakika 30. Kimbia dakika tano, tembea moja.

Juma la tatu: siku mbili ao tatu, dakika 20 tu, kwa upole. Siku mbili za mwisho pumuzika kabisa. Yule anayetaka kulipa deni ya vakansi yote katika siku hizi mbili atafika ku mbio na miguu ya mbao.

Na ginsi ya kupima mwendo? Sema na mwenzako. Kama unaweza kusema maneno kumi bila kukatika pumzi, mwendo ni muzuri. Kama unajibu paka "ee" na "hapana", punguza. Mapafu yanarudi mbele ya mishipa na mifupa. Ndiyo sababu mutu anajisikia na nguvu, kumbe goti linalia. Goti likiuma kwa kutembea tu, simama siku mbili.

Siku yenyewe, kula saa mbili ao tatu mbele ya kukimbia: chai na mukate, ao ndizi, ao mihogo. Hapana kujaza tumbo. Kunywa maji kidogo kidogo. Usivae viatu vipya vya kuazima, vitakupa malengelenge. Na kama umezoea kutembea na viatu, usijaribu kumufuata Bikila siku hiyo. Mizunguko mitano ya kwanza, kimbia kama mutu anayeficha nguvu zake. Utaona wengi wanakupita. Uwaache, mutaonana mbele.

Sasa neno kubwa kuliko yote. Mutu mwenye homa asikimbie, hata kama homa ni kidogo, hata kama karatasi yake imejaa majina. Malaria na mbio havipatani. Mwenye drepanositoze, wale tunaosema "SS", asikimbie pia: kuchoka sana na kukosa maji vinaweza kumuletea maumivu makali na kumufikisha ku hospitali. Mwenye pumu aulize kwanza muganga. Na yule anayesikia kifua kinauma ao kizunguzungu katikati ya mbio asimame palepale, wala mutu asimuzomee. Tunakimbia kwa kusaidia wagonjwa, hapana kwa kuongeza hesabu yao.

Hawa ndugu wasiokimbia wako na kazi: kuhesabu mizunguko, kuandika, kugawa maji. Bila muhesabu wa kweli, karatasi haina maana. Na mwenye karatasi anaweza kumuomba mwenzake akimbie kwa jina lake, kama waliotoa ahadi wanakubali.

Mimi nimekwisha kuanza. Jana asubui nilikimbia dakika zangu mbili na kutembea moja, na watoto wa primeri walinicheka. Mama mudogo ameandika tena franka 500. Safari hii sikumwambia atayarishe ngapi. Nilimwambia tu: "Mama, uje uhesabu mwenyewe."