Intaneti ya Nyumbani Katika Nchi ya Radi

Kabla ya mwaka 2009, ujumbe wa intaneti uliotoka Tororo au Busia, mashariki mwa Uganda, kwenda Ulaya kwa kawaida ulipandishwa hadi kwenye setilaiti iliyokaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ukateremshwa upande wa pili, na kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, swali na jibu lake vilihitaji karibu nusu sekunde angani hata mitambo yote ilipokuwa mizima. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilipofika Mombasa mwaka huo, ikifuatwa na EASSy mwaka 2010, hali ilibadilika kabisa. Mkongo ni kebo yenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, ambamo habari hupita kwa umbo la mimweko ya mwanga inayogonga ukingo wa uzi na kurudishwa ndani bila kuvuja nje. Ndani ya kioo mwanga hupungua kasi hadi kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, lakini kutoka Mombasa hadi Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ni kilomita zipatazo 900 tu, kwa hiyo safari hiyo humalizika kwa sekunde 0.005.

Uganda haina bahari, na sehemu kubwa ya intaneti yake huingia kupitia Kenya kwa mikongo inayovuka mpaka Malaba na Busia, ndiyo maana mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika Mei 2024, watumiaji wa Kampala waliathirika pamoja na wale wa Nairobi na Dar es Salaam. Wakazi wa mpakani, basi, wanaishi kwenye mlango mkuu wa mawasiliano wa nchi nzima. Hata hivyo bomba kuu likipita mbele ya nyumba bila kuunganishiwa mfereji, mtungi wa ndani hubaki mtupu. Kuutoa mkongo barabarani na kuufikisha sebuleni hudai kebo, nguzo na vifaa vya kugawa mwanga, gharama ambazo kampuni huzikubali kwa urahisi pale nyumba zilipobanana. Majanji, mwalo wa wavuvi ulioko kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria wilayani Busia, ambako barabara itokayo Lumino huishia majini, hauna msongamano wa namna hiyo, na nyumba nyingi za sehemu kama hizo hutegemea mnara wa simu.

Kifaa kinachohitajika hapo ni ruta, yaani kipokezi chenye laini ya simu kinachonasa mawimbi ya mnara na kuyagawa ndani ya nyumba kwa Wi-Fi. Mahali inapowekwa huwa na uzito kuliko bei yake. Mawimbi ya megahezi 800, ambayo urefu wake ni karibu sentimita 37, hufika mbali na huzunguka vizuizi vizuri zaidi kuliko yale ya megahezi 2,600 yenye sentimita 12 hivi, ingawa haya ya pili mara nyingi hupewa nafasi pana zaidi ya kubeba data. Yote mawili hushindwa na bati. Chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka kama kioo kinavyorudisha mwanga, kwa hiyo katika nyumba iliyoezekwa mabati na yenye milango ya chuma, ruta iliyofichwa chumba cha ndani hupokea mabaki tu yanayopenya madirishani, ilhali ikisogezwa kwenye dirisha linaloelekea mnara, au ikiunganishwa na antena ya nje iliyopanda juu ya paa, kasi inaweza kuongezeka mara kadhaa bila mwenye nyumba kulipia bando kubwa zaidi.

Ziwa nalo lina mchango wake. Juu ya maji hakuna kilima wala miti ya kuyazuia mawimbi, na mnara ulioko upande wa Kenya, kuelekea Sio Port, unaweza kusikika ufukweni Majanji kwa nguvu kuushinda ule wa Uganda. Laini ikihamia huko yenyewe huhesabiwa kuwa imevuka mpaka na huweza kutozwa bei nyingine, kwani makubaliano ya nchi za kanda yaliyoanza kutekelezwa mwaka 2014 yalianza na kupunguza gharama za simu za sauti. Inafaa, kwa sababu hiyo, ruta ya mpakani iwekwe katika hali ya kuchaguliwa mtandao na mwenyewe badala ya kuachiwa ijichagulie, hasa kwa kuwa data nchini Uganda tayari inabeba ushuru wa asilimia 12 uliowekwa Julai 2021.

Lakini hatari kubwa ya ukanda huu inatoka mawinguni. Kati ya mwaka 1967 na 1976, kituo cha hali ya hewa cha Tororo kilirekodi ngurumo kwa wastani wa siku 251 kwa mwaka, idadi iliyoutia mji huo katika vitabu vya rekodi za dunia. Sababu yake ni ziwa: mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo wenye unyevu huvuma kutoka ziwani kuingia bara, hukutana na pepo zitokazo mashariki, na hewa inayosukumwa juu hujenga mawingu mazito ambamo chembe za barafu husuguana na kutenganisha chaji za umeme. Radi haihitaji kuipiga nyumba yenyewe ili iharibu vifaa, maana ikipiga mti ulio jirani, mabadiliko ya ghafla ya uga wa sumaku huamsha mkondo katika kila waya mrefu ulio karibu, uwe wa stima au wa antena, na mkondo huo huishia kwenye ruta. Uzi wa kioo haupitishi umeme, hivyo nyumba yenye mkongo imeepushwa na njia moja ya madhara, ingawa waya wa stima bado unabaki. Nyumba ya Majanji inayotegemea antena ina njia zote mbili.

Hata dishi la setilaiti za karibu, zinazozunguka kilomita 550 hivi juu ya ardhi na ambazo huduma yao ya Starlink ilianza Kenya Julai 2023, huwa na kebo ya shaba inayoshuka kutoka juu ya paa.

Nguzo ya antena inapaswa kuunganishwa kwa waya mnene wa shaba na fimbo ya chuma iliyopigiliwa kwenye udongo wenye unyevu, na ruta ichomolewe kwenye stima na kwenye kebo ya antena mawingu mazito yanapoanza kukusanyika, kabla ngurumo ya kwanza haijasikika, wala si baada ya mvua kuanza. Mafundi wa Busia, Tororo na Majanji wanaombwa waifunge fimbo hiyo kabla ya antena yenyewe, na mwenye nyumba asilipe kazi mpaka ameiona ardhini.