Alibabaika au Alizidiwa? Namna ya Kupima Utulivu wa Mchezaji Kijana

Katika makala hii tunakusudia kueleza jambo lililojitokeza katika somo letu la uandishi wa habari za michezo, nalo ni namna ya kupima utulivu wa mchezaji kijana anapokuwa chini ya shinikizo, na namna ya kuuandika kwa Kiswahili bila kumwonea. Marekani suala hili ni kazi ya watu. Wako wakaguzi wa vipaji ambao hulipwa kutazama michezo ya vyuo na kuamua ni kijana gani atahimili ligi ya kulipwa. Katika futiboli yao humtazama zaidi kwotabeki, yaani yule anayepanga mashambulizi na kurusha mpira huku miamba ya timu pinzani ikimjia mbio kumwangusha. Sisi Sudan Kusini mchezo wetu ni kikapu, na mfano wetu ni Khaman Maluach.

Maluach alizaliwa Rumbek mwaka 2006, akakulia Kawempe, Kampala, na hakuanza kucheza kikapu hadi alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi. Kutoka Uganda alikwenda Senegal katika akademia ya NBA. Mwaka 2023, akiwa na miaka 16, alikuwa katika kikosi cha taifa kwenye Kombe la Dunia lililotupatia tiketi ya Olimpiki, na mwaka 2024 alikuwa Paris. Baada ya hapo akajiunga na Chuo Kikuu cha Duke. Kimo chake ni zaidi ya mita 2.15.

Tarehe 5 Aprili 2025, Duke ilicheza na Houston katika nusu fainali ya vyuo, mjini San Antonio. Kwa saa za Juba mchezo ulikwisha alfajiri ya tarehe 6, na kadhaa kati ya wanafunzi wetu wanaokaa Hai Cinema walikesha kwa ajili yake. (Kwa wasomaji wetu wa Dar es Salaam na Nairobi: hilo "Hai" si kinyume cha mfu. Ni neno la Kiarabu lenye maana ya mtaa, na Juba imejaa majina ya namna hiyo.) Duke ilipoteza kwa 70–67. Maluach alicheza dakika 21 bila kudaka ribaundi hata moja, yaani mpira unaorudi baada ya mtu kukosa kikapu. Kwa mchezaji wa kimo chake, anayecheza chini ya kikapu, hilo ni jambo la ajabu.

Tuliwapa wanafunzi kazi ya kuandika habari ya mchezo huo kwa maneno mia mbili. Wengi wao walikipata Kiswahili wakiwa wakimbizi Kenya au Uganda, kwa hiyo msamiati wanao wa kutosha. Lakini walipofika kwa Maluach, mmoja aliandika kwamba "aliogopa", wa pili kwamba "alibabaika", wa tatu kwamba "alitaharuki", na mmoja tu aliandika kwamba "alizidiwa". Walidhani wanasema jambo lile lile, ilhali vitenzi hivyo vinatoa hukumu tofauti kabisa.

Kuogopa ni hali ya moyoni. Mwandishi aliyekaa mbele ya televisheni hana njia ya kuiona, hivyo kitenzi hicho tulikikata moja kwa moja. Kubabaika ni kupotewa na mpangilio, kama mtu anayeulizwa swali akajibu maneno yasiyoshikana. Kwa mchezaji, hili laweza kuonekana: anapokea mpira na kuurudisha kabla hajatazama, au anarukia kila chambo cha mshambuliaji. Kutaharuki ni zaidi ya hapo, kwani mtu aliyetaharuki hukurupuka. Kuzidiwa, kwa upande mwingine, si kasoro ya utulivu hata kidogo. Mtu aweza kuwa mtulivu kama maji ya mtungini na bado akazidiwa na mwenye nguvu kuliko yeye.

Basi tuliurudia mchezo pamoja na kuutazama upya. Houston walikuwa watu wazima. J'Wan Roberts alikuwa katika mwaka wake wa sita chuoni, naye Maluach alikuwa na miaka 18. Roberts na mwenzake Joseph Tugler hawakumruhusu kijana asimame pale anapopataka, maana waliweka mwili mapema, kabla mpira haujagonga chuma. Anayejua mieleka ya vijana wetu ataelewa upesi kwamba aliyetangulia kuweka nyonga ndiye mwenye mpira. Hatukuona papara, tulichoona ni mwili ambao haujakomaa vya kutosha. Hukumu yetu, kwa hiyo, ni kwamba alizidiwa.

Tuseme pia habari za takwimu, kwa kuwa wanafunzi huzipenda na huzitumia ovyo. Katika msimu ule Maluach alifunga asilimia 71.2 ya mipira aliyojaribu. Je, huo ni ushahidi wa utulivu? La, kwani nyingi kati ya hizo alizichomeka kutoka juu kabisa, baada ya wenzake kumtafutia nafasi. Takwimu inayosema zaidi ni ya mitupo huru, ambapo alipata asilimia 76.6. Hapo hakuna wa kumsukuma wala wa kumsaidia. Uwanja mzima umesimama, mashabiki wa wapinzani wanapunga mikono nyuma ya ubao, naye yuko peke yake na kikapu. Warefu wengi hushindwa hapo. Laiti tungeruhusiwa namba moja tu ya kumpima kijana huyu, tungechukua hiyo.

Kipimo kingine hakina namba, nacho ni kile anachofanya mchezaji katika sekunde chache baada ya kukosea. Je, anarudi mbio kulinda, au anamtazama mwamuzi kwa kulalamika? Hili laonekana vizuri zaidi katika michezo kumi ya kawaida kuliko katika nusu fainali moja.

Lipo jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyeliandika, ingawa mtaani Hai Cinema lilizungumzwa kuliko mchezo wenyewe. Siku ile ile ya tarehe 5 Aprili, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, alitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini, kutokana na mgogoro kuhusu mtu mmoja aliyerudishwa Juba na kukataliwa. Serikali yetu ilisema mtu huyo alikuwa Mkongomani, kisha siku chache baadaye ikampokea. Maluach ni raia wa nchi hii, na Duke ililazimika kusema kwamba inalifuatilia suala hilo. Hatusemi kwamba tangazo hilo ndilo lililomnyima ribaundi, kwani kusema hivyo kungekuwa sawa na kuandika "aliogopa". Tunasema tu kwamba anayeandika juu ya shinikizo hana budi kumweleza msomaji ni shinikizo gani lililokuwapo, na lile la siku hiyo halikutoka kwa Houston peke yao.

Tuangalie pia wenzake. Zikiwa zimebaki sekunde 35 hivi Duke ilikuwa mbele kwa 67–61. Emanuel Sharp wa Houston alifunga kikapu cha pointi tatu, Duke ikapoteza mpira wa kurushia ndani, Tugler akachomeka. Kisha Tyrese Proctor wa Duke alikosa mtupo huru ambao ukikosa hupewi wa pili. Roberts akafunga miwili yake, na Cooper Flagg, aliyekuwa na pointi 27, akakosa kikapu cha mwisho cha kuirudisha Duke mbele. Hakuna mwanafunzi aliyeandika kwamba Flagg aliogopa. Wote waliandika kwamba "alikosa". Tuliwauliza kwa nini mmoja apewe kitenzi cha tendo na mwingine apewe kitenzi cha tabia. Darasa lilinyamaza, kisha msichana mmoja akajibu kwamba Flagg wanamjua. Wakaguzi nao hawakubabaika: tarehe 25 Juni 2025 Flagg alichaguliwa wa kwanza, na Maluach wa kumi, akaishia Phoenix Suns.

Zoezi la wiki ijayo linahusu fainali ya tarehe 7 Aprili 2025, ambayo Houston, wale waliosifiwa kwa utulivu siku mbili kabla, walipoteza kwa Florida 65–63 baada ya kuongoza kwa pointi 12. Katika sekunde za mwisho Sharp yule yule aliruka ili atupe, akamwona Walter Clayton amemfikia, akauachia mpira udunde chini. Kwa kanuni za mchezo hakuweza kuugusa tena, naye alisimama akiutazama hadi Florida walipouwahi. Wanafunzi wachague kitenzi kimoja, na wakitetee kwa maneno yasiyozidi hamsini. Walimu wenzetu watakaolijaribu zoezi hili madarasani mwao watuletee majibu kwa ajili ya toleo lijalo.