Taa kali si macho: ushauri kwa waendao mpakani usiku

Anayetaka kufika soko la mpakani mapema huondoka nyumbani kukiwa bado giza, na anayechelewa kuuza hurudi giza limeshaingia. Saa 12 jioni upande wa Burundi, ambayo ni saa 1 usiku kwa saa za Tanzania, jua linazama, na kwetu huku hakuna msimu wa jioni ndefu wa kumwokoa aliyechelewa. Si ajabu basi kwamba waendesha pikipiki wa njia ya Mabanda, Mugina na Manyovu wanatafuta taa zenye nguvu zaidi.

Mimi ni mwalimu. Nilisoma uhamishoni, Mishamo, nikarejea mwaka 2009, na pikipiki ndiyo inayonifikisha kazini. Alfajiri barabara imejaa wanafunzi wanaotembea ukingoni, na wabeba ndizi na mawese kwa baiskeli zisizo na taa. Hao ndio wanaoumia pale mwendeshaji anapoongeza mwanga bila kujali unaelekea wapi.

Tuanze na umeme. Pikipiki nyingi ndogo za abiria na mizigo hutoka kiwandani na balbu ya wati 35. Fundi akikufungia ya wati 60, umeme unaovutwa unapanda kutoka ampea 3 hivi hadi ampea 5. Lakini koili zinazozalisha umeme ndani ya injini ni zile zile, waya ni zile zile nyembamba, na swichi ni ile ile. Matokeo yake swichi hupata moto, plastiki ya taa huharibika kwa joto, na betri huishiwa chaji ukiwa safarini.

Mara nyingi balbu ya zamani haina kosa; umeme haufiki wote. Kwa balbu ya kawaida, nguvu ya umeme ikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Mwambie fundi asafishe viungio vyenye kutu, akaze waya unaofungwa kwenye bodi, na kama taa inatumia betri, avute waya mnene kutoka kwenye betri kupitia rilei na fyuzi. Kisha safisha kioo cha taa. Kioo cha plastiki kilichopauka kinaweza kusuguliwa taratibu kwa kitambaa na dawa ya meno.

Sasa zimeenea taa za LED. Faida yake ni ya kweli: hula umeme kidogo na kutoa mwanga mwingi. Ila kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, baadhi ya pikipiki hupeleka umeme kwenye taa moja kwa moja kutoka kwenye koili bila kupitia betri. Utazijua kwa kuwa ukiachia mafuta mwanga hufifia, ukivuta huongezeka. Hapo LED huweza kuchezacheza au kuungua, mpaka fundi ahamishie taa kwenye umeme wa betri. Pili, kikombe cha ndani ya taa kimetengenezwa kwa balbu inayowakia mahali maalumu. LED isiyokaa mahali hapo hutawanya mwanga: unaona majani ya miti, na mwenzako anayekuja haoni kitu.

Kipimo chake hakihitaji fedha. Simamisha pikipiki mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, ukiwa umeikalia. Weka alama ukutani kwenye urefu sawa na katikati ya taa. Washa mwanga wa chini: ukingo wake wa juu uwe sentimita 5 hadi 10 chini ya alama. Ukipita juu, legeza skrubu ya taa uishushe. Na upime ukiwa na mzigo, maana gunia la mchele nyuma hukandamiza springi, na taa iliyokuwa sawa asubuhi hutazama mbinguni jioni.

Ukuta huo huo utakueleza jambo jingine muhimu kwetu tunaovuka. Tanzania tunapita kushoto, Burundi kulia. Taa za magari, na za baadhi ya pikipiki, hutengenezwa kwa kufuata upande huo. Zile za barabara za Tanzania hunyanyua mwanga upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa njia. Zikifika Burundi, sehemu hiyo iliyonyanyuka inawapiga machoni wanaokuja mbele. Kama ukingo wa mwanga ukutani umenyooka, usiwe na wasiwasi. Kama unapanda kushoto, shusha taa zaidi, au utafute taa ya upande wa kulia ikiwa safari zako nyingi ni za Burundi.

Na kwetu tuliojifunza kuendesha uhamishoni, mkono bado unavuta kushoto barabara ikiwa tupu. Mchana magari mengine hukukumbusha. Usiku hakuna wa kukukumbusha mpaka taa zinapotokea mbele yako.

Hata taa nzuri ina mwisho wake. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa kwenye lami kavu, tangu uone kitu mpaka usimame unahitaji zaidi ya mita 50. Kwa kilomita 40 unahitaji kama mita 30. Kwenye vumbi au lami yenye maji, ongeza. Kama mwanga wako wa chini unafika mita 30, basi kilomita 40 ndiyo mwendo wako. Mwenda pole hajikwai.

Ukikutana na mwenzako, shusha taa mapema. Gundi stika inayoakisi mwanga nyuma ya mzigo, ili aliye nyuma yako naye akuone. Na kabla ya kutoa faranga au shilingi kwa balbu mpya, anza na kitambaa, bisibisi na ukuta.