Je, Wajua? Ukiambiwa Utapasuliwa

Je, wajua kuwa Hospitali ya Pumwani, jijini Nairobi, ilianza mwaka 1926? Ilianza kama kituo cha kujifungulia chenye jina la Lady Grigg, mke wa gavana wa wakati huo. Tangu hapo watoto wa Majengo, Shauri Moyo, Eastleigh na Mathare wamezaliwa humo kizazi baada ya kizazi, na wengi wametolewa kwa upasuaji. Sababu za kumpasua mama zinajulikana: mtoto amekaa vibaya, kondo limeziba njia, uchungu umekwama, mapigo ya moyo wa mtoto yameshuka, au presha ya mama imepanda mno. Hakuna hata moja kati ya hizo iitwayo uvivu. Anayemwambia mkaza mwanawe "wewe hukuzaa, ulipasuliwa" anamwonea mtu aliyeponea chupuchupu.

Je, wajua kuwa Afrika Mashariki ilikuwa na wapasuaji wake kabla ya kuwa na hospitali? Mwaka 1879 Robert Felkin, Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari, alishuhudia mama akipasuliwa Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalegea, na pombe hiyo hiyo ikatumika kuosha mikono ya mpasuaji na tumbo la mama. Tumbo likapasuliwa wima, damu ikazimwa kwa chuma cha moto, mtoto akatolewa. Kidonda kikafungwa kwa misumari myembamba 7, kikapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa kwa jani la mgomba. Siku ya 11 kilikuwa kimepona. Felkin aliyachapisha hayo Edinburgh mwaka 1884, wakati ambapo huko Ulaya kwenyewe akina mama wengi waliopasuliwa hivyo walikuwa wakifa.

Je, wajua kuwa aliyepasuliwa mara moja si lazima apasuliwe tena? Wengi huzaa kwa njia ya kawaida baadaye, ikitegemea sababu ya kwanza na namna kovu lilivyokaa. Ila asijaribie nyumbani. Kovu la zamani likiachia, ni thieta tu inayoweza kumwokoa.

Je, wajua kuwa mbegu za mapera hazina lawama ya kidole tumbo zinayotwishwa? Kidole tumbo huvimba aghalabu kwa sababu mdomo wake umezibwa na kinyesi kilichokauka, au tishu zake za ndani zimefura. Maumivu huanzia karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa hushukia upande wa kulia chini, na hamu ya kula hupotea. Mtu akinunua dawa ya minyoo au ya kutuliza maumivu kwenye duka la dawa na kulala nayo siku mbili, kidole tumbo kinaweza kupasuka na usaha ukamwagika tumboni. Hapo upasuaji ambao ungekuwa mdogo unageuka kuwa wa kuosha tumbo zima.

Je, wajua kuwa neti ya mbu imewahi kuwatibu wanaume wenye henia? Wapo wengi katika mitaa yetu wanaoishi nayo kimyakimya, wakiwemo wanaobeba magunia Gikomba na kusukuma mikokoteni: uvimbe kinenani unaojitokeza wakikohoa na kurudi ndani wakilala. Hakuna dawa ya kunywa wala ya kupaka inayouziba ule upenyo. Daktari huurudisha utumbo ndani, kisha hushonea kipande cha wavu kuimarisha ukuta wa tumbo. Wavu wa kiwandani ni ghali, kwa hiyo watafiti nchini Uganda waliwagawa wanaume 302: wengine wakawekewa wavu huo, wengine kitambaa cha neti kilichokatwa na kuuliwa vijidudu hospitalini. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Henia ikigeuka ngumu, ikauma, ikakataa kurudi na mtu akaanza kutapika, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane. Utumbo ulionaswa hunyimwa damu na huoza.

Je, wajua kuwa faibroidi si saratani, na hazisababishwi na kuchelewa kuzaa? Nyingi hazihitaji kisu. Hupasuliwa zinapomwaga damu hadi mwanamke akaishiwa nguvu, au zinapobana kibofu na kuzuia mimba.

Je, wajua kuwa Abagusii walikuwa na wataalamu wa kupasua kichwa? Waliitwa ababari. Walikwangua mfupa wa fuvu ili kuwatibu watu wenye maumivu ya kichwa yasiyoisha baada ya kuumia. Na hospitali za leo nazo hutoboa fuvu. Mzee huteleza bafuni, akainuka, akasema hajaumia. Wiki kadhaa baadaye anasahau majina, anaburuta mguu, anasinzia mchana kutwa, na nyumba nzima inasema ni uzee. Huenda ni damu iliyovuja polepole na kuukandamiza ubongo. Picha ya kichwa huionyesha, na mara nyingi tundu moja au mawili madogo hutosha kuitoa. Inaniuma kwamba wazee huachwa wakififia kitandani kwa jambo linalotibika.

Je, wajua kuwa chai ya maziwa ni chakula? Kwa daktari wa nusukaputi, ndivyo ilivyo. Usingizi wa dawa hulegeza koo, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Ndiyo maana chakula na maziwa husimamishwa saa 6 kabla, na maji matupu saa 2. Jamaa anayempenyezea mgonjwa kikombe kwa huruma anahatarisha uhai wake.

Je, wajua kuwa Ifakara, Tanzania, ilikuwa miongoni mwa miji 8 duniani iliyojaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na London na Toronto? Orodha hiyo yenye vipengele 19 humlazimu kila aliyemo thieta kuthibitisha jina la mgonjwa, upasuaji wenyewe na mahali pa kupasuliwa, na pamba na vifaa kuhesabiwa kabla ya mgonjwa kutoka. Katika miji hiyo vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, kulingana na matokeo ya mwaka 2009. Kwa hiyo ukiulizwa mara ya tatu jina lako na mguu upi unaopasuliwa, usikasirike. Jibu tena, kwa sauti.